Zamu ya Kompyuta

Nachingwea, Jumamosi 28 Oktoba 2006

Wiki yangu imeanza. Amri ameingia saa kumi jioni na pikapu ya kazini, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu, na nyuma, juu ya magunia ya korosho, kompyuta imefungwa kwa kitenge cha Hadija. Nimekitambua kwa sababu ninacho kama hicho. Mume wetu akimnunulia mmoja doti, mwenzake lazima apate ya rangi ileile, bei ileile, ili siku ya kiyama asiulizwe.

Kompyuta peke yake ndiyo hakuweza kununua mbili. Ilikuwa ya mradi wa mihogo uliofungwa, vitu vyake vikagawiwa mabwana shamba kama yeye. Alipoileta mwezi wa sita alitaka ikae Ruangwa, eti mama yake yuko kule na nyumba ina nafasi. Nikamwambia, "Baba Masoudi, uadilifu ni uadilifu. Kama wewe unakwenda kwa zamu, na hiyo iende kwa zamu." Akakuna ndevu, akakubali. Tangu hapo inasafiri naye, wiki kwangu, wiki kwa mke mwenzangu. Siku ile nilijiona nimeshinda.

Leo nimeiwasha kabla hata Amri hajaoga. Ile taa ndogo nyekundu ya mbele, ambayo zamani ilikuwa inakonyeza na kuacha, imewaka moja kwa moja. Ndani kuna mlio, kama panya kwenye gunia la karanga. Nimeandika ukurasa mmoja kwa saa nzima. Amefanya nini huko Ruangwa huyu mwanamke?

Jumapili 29 Oktoba

Taa haijazimika tangu asubuhi. Sijagusa kitu, nimekaa naitazama tu, na bado inasaga.

Kazi yangu ya stashahada inatakiwa Lindi tarehe kumi na tano Desemba. Nimeandika namna watoto wa darasa la kwanza wanavyojifunza kusoma Kiswahili huku nyumbani wanasema Kimwera au Kimakua. Kurasa arobaini na mbili mpaka sasa. Nikifaulu natoka daraja la ualimu nililokaa miaka kumi na moja. Nikichelewa, nasubiri mwaka mzima mwingine, na nafasi ya mwaka huo ni ya mtu mwingine.

Nimepekua kuona nini kimeongezeka. Nimekuta folda limeandikwa HADIJA, na ndani faili kumi na moja. Nimebonyeza la kwanza. Mashine imesaga, imesaga, kioo kikawa cheupe, na umeme ukakatika.

Faili kumi na moja! Mwanamke aliyeishia darasa la saba, anayeshona sare za shule, anaandika nini mara kumi na moja? Najua. Anamwandikia Amri barua. Mimi Amri hajawahi kuniandikia hata ya kuombea chumvi.

Jumanne 31 Oktoba

Taa inawaka. Darasani wametoroka wanafunzi kumi na tisa, wako mashambani kuokota korosho.

Alhamisi 2 Novemba

Nimefanya yote tuliyofundishwa kwenye semina. Nimemwaga kapu la takataka. Nimeondoa zile picha za samaki zinazoogelea kiooni ukikaa kimya. Nimeondoa michezo ya karata. Nimefungua lile dirisha linaloonyesha nini kinafanya kazi humo ndani, na linasema karibu hakuna. Hakuna anayefanya kazi, na taa inawaka!

Nikamwambia Amri, "Mke wako kaiharibu."

Akasema, "Wake zangu ni wawili, Mama Masoudi. Yupi?"

Sikumpa chai ya pili.

Jumamosi 4 Novemba

Imeondoka. Yeye pia.

Jumanne 7 Novemba

Mji mzima unanuka mabibo. Watoto wanakuja shule vidole vimebabuka kwa mafuta ya korosho, kalamu hawawezi kuishika, na mimi nawaandikia kwenye ripoti kwamba mwandiko ni mbaya.

Jioni nakaa mbele ya meza tupu. Kwa Hadija hakuna umeme, wanavuta waya kutoka kwa jirani mwenye jenereta la mashine ya kusaga, saa mbili tu kwa siku. Namwona akilini amekaa, mgongo umenyooka, vidole vile virefu vya kushonea viko juu ya herufi zangu. Mama mkwe yuko kitandani pembeni anacheka naye. Bi Mwamina hajawahi kucheka na mimi. Kwangu anasema Kiswahili cha wageni, cha "karibu" na "asante", halafu anamgeukia Hadija wanaongea Kimakua mpaka chai inapoa. Mimi ni Mmwera, nitafanyaje.

Jumamosi 11 Novemba

Imerudi, na safari hii imekuja na barua. Karatasi ya daftari imekunjwa mara nne na kupachikwa kwenye waya:

"Dada Mwanaima, salamu. Mashine inaguna sana. Kama una vitu vyako humu vitoe mapema. Ni mimi mdogo wako Hadija."

Nimeisoma mara tatu. Nitoe vitu vyangu! Kama mpangaji aliyemaliza kodi. Amri aliposema, "Anakutakia heri tu," nikamuuliza tangu lini amekuwa mkalimani wake.

Jumapili 12 Novemba

Nimejaribu kuipanga upya diski kwa ile programu yake yenyewe, ili vitu vikae mahali pamoja. Imeanza saa mbili asubuhi. Saa nane mchana ilikuwa imefika asilimia kumi na mbili, halafu imegoma. Folda la HADIJA sasa lina faili kumi na nne.

Jumanne 14 Novemba

Bi Mwamina ameanguka. Jirani wa Ruangwa amempigia Amri simu tukiwa mezani. Amri aliacha tonge kwenye sahani, akatafuta funguo ambazo alikuwa amezishika.

Mimi pia nilishtuka. Ni bibi wa watoto wangu. Lakini nitaandika ukweli, maana daftari hili nalisoma peke yangu. Pikapu ilipokata kona jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba leo ni Jumanne na zamu yangu ina siku nne zaidi. Nikahesabu. Mama wa mtu kaanguka, na mimi nahesabu siku.

Jumamosi 18 Novemba

Amri alikuja kunichukua nikamwone mgonjwa. Zamu ni zamu, kwa hiyo kompyuta nayo tukaipakia nyuma. Barabara imechimbika kwa malori ya korosho, na kila shimo nilikuwa naisikia inapiga bodi. Amri anasema, "Pole, pole," na mimi nadhani ananiambia mimi, kumbe anaiambia pikapu.

Mama amepooza upande mmoja na ulimi umefungika. Anatazama tu. Hadija anamlisha uji kwa kijiko, anamfuta, anamgeuza, na katikati ya yote hayo ananiletea maji ya kunawa. "Karibu, dada. Pole na safari." Nyumba inang'aa. Hata mbuzi wao wametulia. Nilitafuta kosa mpaka nikachoka. Niliporudi nikajitupa kitandani na viatu.

Jumatano 22 Novemba

Mvua ya kwanza. Ya dakika kumi.

Jumamosi 25 Novemba

Imerudi. Kufunguka tu imechukua muda wa kuchemsha maharage. Folda lake limebaki na faili kumi na nne vilevile. Amekosa muda wa mapenzi, anauguza. Mimi nimefika ukurasa wa hamsini na nane na kila nikibonyeza kuhifadhi, moyo unasimama mpaka panya wa ndani amalize.

Jumatatu 27 Novemba

Nimemwita Eustakio, kijana wa Kimakonde mwenye duka la kutoa kopi nyuma ya soko. Alifungua kasha, akapuliza vumbi la wilaya mbili likatuingia puani wote wawili, akasema kumbukumbu ya mashine ni ndogo. Ikizidiwa inakimbilia kwenye diski kila mara, kama mpishi mwenye meza ndogo anayekwenda stoo kila baada ya dakika. Akaongeza kipande alichotoa kwenye mashine mbovu. Tukaiwasha. Ikafunguka haraka kidogo, nikapiga makofi.

Baada ya dakika tano taa ikawaka na haikuzimika.

Eustakio akakaza uso. "Mwalimu, hii siyo kumbukumbu. Nitarudi Ijumaa na kifaa cha kupimia."

Ijumaa 1 Desemba

Naandika haya mara tu alipoondoka, kabla sijayapamba.

Alifika saa tisa, Amri akiwa Mkotokuyana kuangalia maghala. Akaweka CD yake, akaacha diski ipimwe sehemu kwa sehemu. Kioo kikajaa vijisanduku, na kila baada ya muda kimoja kikawa chekundu. Kufika saa kumi na moja vyekundu vilikuwa vingi kama surua.

"Diski imechubuka," alisema. "Humo ndani kuna sahani inazunguka na kuna kichwa kinachosoma juu yake bila kuigusa. Hiki kichwa kimeigusa, tena mara nyingi. Sasa kinafika penye jeraha, hakisomi, kinarudi, kinajaribu tena, kinarudi. Ndiyo maana taa haizimi. Siyo kazi inayofanya, mwalimu, inahangaika." Halafu akauliza, "Hii mashine inasafiri?"

"Kila Jumamosi. Ruangwa na kurudi."

"Kwenye nini?"

"Kwenye pikapu. Juu ya magunia."

Akanitazama kuona kama ninatania. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu! Nimeona mashine zimeuawa na panya, na radi, na soda. Ya kuuawa na uke wenza ndiyo kwanza naiona. Nani alitoa wazo hilo?"

Nikasema, "Mume wangu."

Alipoacha kucheka akaniambia mambo matatu. Diski mpya itabidi iagizwe Dar. Hii ya sasa haina safari nyingine. Ikipanda gari kesho, haishuki hai. Na kilichomo kitolewe sasa hivi. Akaniuliza kama nina disketi, nikampa mbili. Kazi yangu ilitoka, kurasa zote sitini na moja, polepole, kama kung'oa msumari kwenye mninga. Tukaifungua kwenye mashine aliyokuja nayo begani na ikasomeka. Nilitaka kumbusu yule kijana.

Akasema, "Na hili folda la HADIJA? Ni vifaili vidogo, vinaenea kwenye hiyohiyo disketi. Nivitoe?"

Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nilifikiria zile barua kumi na nne. Nilifikiria vidole vyake, nyumba yake inayong'aa, kicheko cha Bi Mwamina.

"Acha," nikasema. "Hizo nyimbo tu."

Na Amri aliporudi sikumwambia kitu. Ningemwambia isiende kesho, ingebidi nimwambie kwa nini, na lawama ingerudi kwangu, maana mimi ndiye niliyedai zamu. Hiyo ni sababu moja. Ya pili nitaiandika kwa sababu nimeapa kuandika: kama lazima ife, na ife mikononi mwake.

Jumamosi 2 Desemba

Nimeifunga mwenyewe kwa kitenge chake. Nimeifunga vizuri.

Jumapili 3 Desemba

Amri amepiga simu. Kompyuta haiwaki tena, inapiga kelele ta, ta, ta, halafu kimya. "Kazi yako, Mama Masoudi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta msiba. "Sijui nikuambie nini. Hadija analia tangu jana."

Nikasema ni mipango ya Mungu. Nikakata simu nikaenda kuzitazama disketi zangu kabatini, moja, mbili. Halafu nikajiuliza, analilia nini kiasi hicho? Barua si zinaandikwa tena?

Jumatano 6 Desemba

Mvua kubwa. Sijalala vizuri. Shule imefungwa.

Jumamosi 9 Desemba

Pikapu ilifika mapema na Amri hakuwa peke yake. Hadija alishuka, sketi imejaa tope hadi magotini, maana walikwama Likunja wakasukuma. Amemwacha mama na jirani. Katika miaka sita ya ndoa yake hajawahi kulala kwangu. Amri akaona nyuso zetu, akasema anakwenda kutazama tairi, na akaenda kutazama tairi kwa saa mbili.

Hadija alitoa kwenye mfuko wa plastiki wa rambo madaftari matatu, akayaweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Dada, haijakamilika. Inaishia ukurasa wa arobaini na nne. Lakini siku bado sita, nikasema labda itakusaidia."

Nikafungua. Ilikuwa kazi yangu. Mwandiko wa darasa la saba, umesimama wima kama uzi wa cherehani, kila neno. Hata majedwali ameyapiga mistari kwa rula. Hata makosa yangu ameyanakili.

Nikafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Akadhani nimefurahi, akatazama sakafu.

"Usinishukuru. Nilianza kwa ubaya. Nilifungua mafaili yako nione unaandika nini juu yangu. Nilijua lazima unaniandika. Nikasoma la kwanza, watoto. La pili, watoto. Yule mtoto wako anayesoma 'baba' kisha anamweleza mwenzake kwa Kimakua, nikacheka mwenyewe. Nikaona haya. Na mashine ilikuwa inaguna, nikasema huyu mtu atapoteza kazi yake. Nikaanza kuandika. Wiki moja nzima, jenereta likiwaka."

"Na vyako?" nikauliza. "Ulikuwa na vitu vyako humo."

"Vyangu nilisema havina haraka. Mama yupo, atanisimulia tena."

"Anasimulia nini?"

Ndipo akaniambia. Bi Mwamina alivuka mto Ruvuma akiwa msichana, wakati wa vita, na nyuma akaacha kaka, dada, shangazi, wajomba, huko Namuno, Balama, Montepuez. Hajawahi kumwambia hata Amri, maana Amri akiulizwa habari za ng'ambo alikuwa anasema yaliyopita yamepita. Mwaka huu alianza kumwambia Hadija wakipembua mchele. Majina yote, nani mtoto wa nani, kijiji kipi, mti upi wamemzika babu chini yake. Hadija anasikiliza mchana, jioni anaandika. "Nikasema siku moja watoto wakitaka kwenda, wajue wamwulize nani. Wangu sina, dada, unajua. Nilikuwa nawaandikia wako."

Faili kumi na nne.

Nilinyanyuka nikafungua kabati. Nikaziweka zile disketi mbili juu ya madaftari yake. Nikamwambia yote, kuanzia Eustakio hadi kitenge. Sikuacha hata neno "nyimbo". Nilimwambia nilidhani ni barua za mapenzi.

Alizitazama disketi muda mrefu. Nilitaka anipige. Nilitaka aseme neno baya ili nami nipate la kumchukia, niendelee na maisha yangu.

Akasema, "Dakika kumi?"

"Dakika kumi."

Akafunika uso kwa kanga. Alipoufunua alikuwa mke mwenza kabisa, macho makavu, na alisema, "Nimekuchukia leo, Dada Mwanaima. Nimekuchukia kweli." Kisha akaenda jikoni akanawa miguu. Tulikula, na Amri katikati yetu akila kama mtu aliyekalia siafu.

Na mimi? Nilikaa na madaftari yale mapajani na moyo ukanichoma upya. Zamani nilimwonea wivu wa nyumba na wa mume. Sasa ameniachia wivu mbaya kuliko wote. Yeye ameiba kunisoma, mimi nimemwibia na kuua kazi yake, na mwizi mwema kati yetu ni yeye.

Ruangwa, Jumapili 10 Desemba

Asubuhi nilipanda pikapu bila kualikwa. Hadija hakusema nipande wala nisipande, akasogea.

Mama alikuwa macho. Hadija akapita upande wa kushoto wa kitanda, mahali pake, akaushika mkono ulio mzima. Mimi nikazunguka upande wa pili, nikaushika mkono wa kulia, mzito, wa baridi. Hadija akamwinamia na kumweleza kwa Kimakua. Sikuelewa ila jina langu, lililotajwa mara moja, bila ukali. Bi Mwamina akanigeuzia macho, akanitazama kwa muda, kisha akamrudia yeye.

"Nitataja ninayoyakumbuka," Hadija akaniambia, bado hanitazami. "Kama ni sawa, atabana mkono. Wewe andika."

Nikafungua daftari la tatu kati ya yale aliyoniletea, kurasa zilizobaki nyeupe. Akataja jina, akasubiri. "Amebana." Nikaandika. Akataja jingine. "Hapana." Akajaribu kijiji kingine. "Amebana." Hivyo mpaka adhuhuri. Amri alikuja akasimama mlangoni, akasikia majina ya wajomba zake kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakaa chini palepale kizingitini na kofia mkononi.

Tulipata ishirini. Hadija akafumba macho, akatikisa kichwa. Hakuna zaidi. Yaliyobaki yako kwenye diski.

Mimi nilijua moja tu. Amri aliwahi kulitaja tukiwa wachanga kwenye ndoa, siku mtoto wetu alipozaliwa, eti mama yake alilitamka akimpakata bila kusema ni la nani, kisha hakulirudia. Nikakaza mkono niliokuwa nimeushika, nikasema, "Mama, Sualehe."

Sikusikia kitu. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika upande uliokufa. Nikasubiri, nikabana mimi, nikasubiri tena.

Kutoka ng'ambo ya kitanda Hadija akasema polepole, "Ndiyo, dada. Amebana. Bado anabana."

Nikamwonea wivu mpaka machozi. Nikaandika Sualehe.